Dhahabu ya Mgongoni

Ukitaka kumkasirisha Polixeni, mwambie kwamba anashona. Kushona, atakujibu, ni kazi ya yule bwana wa pale chini sokoni anayepunguza suruali za wanafunzi. Yeye anatarizi. Wala hatarizi vitambaa vya meza. Anatarizi majoho ya mapadri na mapazia ya madhabahu kwa uzi wa dhahabu, kazi aliyofundishwa na watawa tangu usichana wake, na ambayo siku hizi wanaoijua hapa Thesaloniki unaweza kuwakalisha wote kwenye kochi moja na nafasi ikabaki.

Nyumba yake iko mji wa juu, chini ya ukuta wa kale, kwenye kichochoro ambacho hata paka hupishana kwa adabu. Ana chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na mbele ya dirisha ipo fremu yake ya kutarizia. Mumewe, Padri Anestis, alikuwa mtu mkubwa mwenye miguu bapa na sauti iliyokuwa ikitoka nje ya wimbo kila Jumapili bila aibu. Walioana kabla hajapewa upadri, kama ilivyo desturi yetu Waorthodoksi, na tangu alipoupata majirani wakamwita Polixeni Presvitera, mke wa padri, jina analoitwa hata sasa akiwa mjane.

Kazi bora aliyoifanya maishani hakuna anayeweza kuiona. Lilikuwa joho la mahameli rangi ya divai, mgongoni wametarizwa tausi wawili wanaokunywa kutoka kikombe kimoja, mikia yao ikishuka mpaka visiginoni. Alimtarizia mumewe. Na kwa kuwa kwetu padri huzikwa na mavazi yake ya ibada, Anestis akaenda nalo. Tena alizikwa chali, kama watu wote, dhahabu yote ikiwa chini yake. Polixeni alilisimamia jambo hilo mwenyewe na hakulijutia, lakini tausi hakuwatarizi tena. Wakimwomba, alisema macho yamechoka.

Mtu pekee aliyeweza kumwomba mara mbili ni Mirsini. Polixeni ni nona wake, yaani mama yake wa ubatizo, na hili si jina la kupewa zawadi za Pasaka tu. Mtoto anapotolewa majini, yuko uchi, anapiga kelele, ni nona anayempokea kwenye taulo na kumvalisha nguo mpya kuanzia soksi. Nguo ya kwanza ya Kikristo ya Mirsini ilitoka kwenye fremu ile. Polixeni hakujaliwa mtoto wa kumzaa, na watu walisema alimshika mtoto yule kama mtu anayeogopa atadaiwa amrudishe.

Mtoto akakua, akasomea ubunifu wa mitindo, akafungua chumba cha ushonaji karibu na bandari, na mambo hayakumnyookea hata kidogo. Mwaka jana mwishoni alipanda kichochoro kile akihema, akamkuta Polixeni anakunywa kahawa na jirani yake Harikleia, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo.

“Nona, nataka koti.”

“Kanunue.”

“Nona, acha utani. Nafanya maonyesho yangu mwenyewe, kule kwenye ghala la bandarini. Nataka koti la mwisho, la kufungia maonyesho. Nataka unitarizie wewe.”

Akatoa simu, akaanza kuwaonyesha picha. Paris, Milano, kila mahali wasichana wembamba wamevaa dhahabu kuanzia shingoni, misalaba mikubwa ya vito vifuani, vipuli vya lulu vinavyofika mabegani kama vya wale malkia wa kwenye kuta za makanisa.

“Mnaona? Wote wanachukua kwetu. Kuna mmoja amekuja hapa hapa, amepiga picha kuta zetu, amerudi kwao ametengeneza magauni. Mimi niliyebatizwa chini ya kuta hizo nikae nitazame tu?”

Polixeni aliisogeza simu mpaka karibu na pua. “Huyu dada amevaa joho la askofu,” alisema baada ya kuichunguza. “Suruali kaisahau nyumbani.”

“Ndiyo mtindo, Nona.”

“Atapata baridi ya tumbo.”

“Mwache,” alidakia Harikleia, “labda askofu kamkopesha nusu.”

Mirsini hakucheka. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha nona wake, pale pale alipokuwa akikaa tangu mdogo, na sauti yake ikashuka. Alisema maonyesho haya yasipofanikiwa atafunga chumba chake. Mjomba wake wa Ujerumani ameshamtafutia kazi ya kuuza kwenye duka la nguo, na safari hii amechoka kukataa. “Nataka wale tausi,” akamalizia.



Polixeni alizungusha kikombe chake. Mawazo mawili yalimpitia. La kwanza lilikuwa kusema hapana. La pili lilikuwa Ujerumani, na jinsi kichochoro kile kitakavyokuwa kirefu bila mtu wa kukipanda akihema. “Msalaba sitatia,” alisema. “Mtakatifu sitatia. Mtu atalikalia hilo koti, atalimwagia kahawa. Tausi, sawa.”

“Tia na tai mwenye vichwa viwili,” alisema Harikleia, “mume wangu atalinunua siku hiyo hiyo avae uwanjani.” Maana tai huyo wa wafalme wa zamani siku hizi yuko kwenye jezi ya mpira, na mume wa Harikleia anamheshimu zaidi huko.

Mirsini akachukua karatasi na mkaa, akachora pale pale mezani: koti pana lisilo na mkunjo, shingo iliyosimama, halina vifungo, na katikati tausi wawili na kikombe. Kichwa hakuchora, wabunifu wakiwa na haraka hawahangaiki na vichwa. “Hapa,” alisema akipiga kidole juu ya tausi, “hapa ndipo nataka macho ya watu yatue. Kata kwa kipimo changu, nitamtafuta mwanamitindo wa mwili wangu.” Akambusu nona wake shavuni, akaacha alama ya mkaa, akashuka mbio.

Polixeni alifanya kazi hiyo miezi yote ya baridi. Uzi wa dhahabu haupitishwi ndani ya kitambaa kama uzi mwingine, kwa kuwa unakatika na ni wa thamani. Unalazwa juu, ukashikwa mahali pake kwa vishono vidogo vya hariri ambavyo jicho halitakiwi kuviona. Siku hizo jicho la Polixeni lilikuwa haliyaoni mambo mengine mengi pia. Alifanya kazi mchana tu, jua likiwa dirishani, na jua likiondoka alibaki amekaa, vidole juu ya mkia wa tausi, akiupapasa. Alikuwa anajua kwamba hii ni mara ya mwisho. Alimwambia Anestis hivyo kwa sauti, na pia kwamba anamwibia tausi wake, asikasirike, wanakwenda kwa mtoto.

Mirsini alikuja mara nyingi kutazama, na kila mara alikuta fremu imefunikwa shuka. Watawa walimfundisha Polixeni kwamba kazi isiyokwisha haionyeshwi, na huyu mama akishashika sharti ameshika. “Angalau kona,” alibembeleza Mirsini. “Kona utaiona na koti lake,” alijibu Polixeni, na kumpa sahani ya dengu.

Basi koti likaisha, likatiwa bitana, likakunjwa ndani ya shuka lile lile, na siku moja kabla ya maonyesho Polixeni na Harikleia wakateremka nalo kwa teksi mpaka bandarini. Ghala lilikuwa limejaa nyaya na viti. Msichana mmoja kutoka mji wa Larisa, mwanamitindo mwenye sura ya kuchoka lakini mpole, alinyoosha mikono akavalishwa. Akageuka kuwatazama.

Mbele ya koti hapakuwa na kitu. Mahameli matupu rangi ya divai, na utepe mwembamba wa dhahabu shingoni, basi.

Mirsini alizunguka nyuma. Tausi walikuwa huko, wanang'aa kuanzia mabegani hadi chini, kazi ambayo ingemfanya mtu ashike ukuta. Kisha akarudi mbele kana kwamba safari hii huenda akakuta kitu.

“Nona,” alisema polepole, “tausi wako nyuma.”

“Ndiyo. Pale ulipowachora.”

“Niliwachora kifuani.”

Polixeni alimtazama msichana wa Larisa, akatazama koti. “Mchoro haukuwa na vifungo,” alisema. “Haukuwa na uso.”

“Vifungo viko ubavuni, ndani. Ndiyo maana...”

“Nguo isiyo na vifungo wala uso ni mgongo, mwanangu. Majoho yote huchorwa hivyo. Tangu nilipoanza kushika sindano sijaona joho limechorwa kwa mbele.”

Na ni kweli. Kwetu padri anaposali hatazamani na watu. Anatazama madhabahu pamoja nao, yuko mbele yao kama anayeongoza msafara. Uzuri wote wa joho unawekwa pale watu wanapouona, na watu wanauona mgongoni. Kosa hili asingelifanya fundi wa suruali wa sokoni. Lilihitaji mtu aliyekaa maisha yake yote kanisani.

Walijaribu kuligeuza. Msichana wa Larisa alilivaa nyuma mbele, shingo ikamkaba, mabega yakakataa, na tausi wakajikunja kifuani kama kuku wa sokoni. Wakamvua.

“Labda atembee kinyumenyume,” alipendekeza Harikleia.

“Nani anatazama mgongo, Nona?” Mirsini hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Watu watakaa pale. Wapiga picha watakaa pale. Msichana anakuja mbele, wanampiga picha, anageuka, taa zinazimwa. Imekwisha. Nani duniani anatazama mgongo?” Akatoka nje.

Harikleia alitaka kumfuata amwambie mawili matatu. Polixeni akamzuia. Alikunja lile koti kwanza, kwa sababu hata ukiwa unalia koti la mahameli halitupwi kitini, kisha akatoka akikokota goti lake bovu. Alimkuta Mirsini amekaa kwenye ngazi za mawe za bandari, mgongo umejikunja. Akajishusha pembeni yake kwa taabu.

“Nimekuharibia,” alisema. “Najua. Samahani, mwanangu.”

Mirsini alitikisa kichwa bila kumtazama.

“Ila uliuliza swali, nikujibu. Uliuliza nani anatazama mgongo. Mimi. Uso wa Anestis nilikuwa nauona nyumbani. Umechoka, unakula, umekasirika na serikali. Kanisani nilipewa mgongo. Nilisimama upande wa wanawake, nikautazama mgongo ule ujana wangu wote na uzee wangu. Nikiangalia mabega nilijua kama amelala vizuri. Nikiangalia joho linavyoanguka nilijua goti gani linamuuma. Alipougua, mimi nilijua kabla ya daktari. Wale tausi walianza kuinama upande mmoja. Nikarudi nyumbani nikamwambia, Anestis, tausi wako wamelala ubavu, nenda hospitali. Akacheka.”

Mirsini sasa alikuwa anamtazama.

“Na alikuwa akinilalamikia. ‘Mbele umeniacha mtupu kama gunia la viazi.’ Nikamwambia, mbele una uso, unataka nini tena?” Polixeni alitabasamu, na macho yake yakajaa. “Unajua, katikati ya ibada padri hugeuka. Anageuka anatubariki, anasema, ‘Amani kwenu nyote,’ nasi tunaitika, ‘Na iwe rohoni mwako.’ Basi kila akigeuka alikuwa ananitafuta kwa jicho. Haraka, kama mwizi. Halafu anarudi kwa Mungu wake. Mimi nilikuwa naishi kwa huko kugeuka, Mirsini. Nilikuwa nasubiri nyuma ya dhahabu yangu mwenyewe. Sijawahi kumwambia mtu.”

Mashua ya polisi ilipita, mawimbi yake yakagonga ngazi. Mirsini alipangusa pua kwa kiganja kama mtoto.

“Nona, goti linauma?”

“Linauma.”

“Kwa nini umekaa kwenye mawe ya baridi? Nyanyuka. Nyanyuka, nikushike.” Akamwinua, akampangusa vumbi la sketi, lakini wazo lililomjia hakumwambia.

Kesho yake jioni ghala lilijaa. Polixeni aliwekwa safu ya mbele na Harikleia, ambaye alikuwa amevaa pini yake ya kifuani ya siku ya harusi na kutoa maoni juu ya kila nguo iliyopita. Kulikuwa na gauni lenye vipande vidogo vya kioo vilivyopangwa kama sakafu ya kanisa, na Harikleia akasema hilo litafaa kwa kufukuza ndege shambani. Kulikuwa na mikono mipana, vipuli virefu, viatu vyekundu vya kifalme. Wasichana walitoka mlango wa mbali, wakaja mbele, wakapigwa picha, wakageuka. Msichana wa Larisa alipita mara tatu kwa nguo tatu tofauti. Polixeni hakuona sawasawa. Alikuwa amekunja mikono mapajani na anaomba aibu yake ipite haraka.

Halafu taa zikazimwa. Zilipowaka, iliwaka moja tu, ya manjano na ndogo. Pale mbele kabisa, karibu na viti, karibu kiasi kwamba Polixeni angeweza kunyoosha mkono akaushika mkia, alikuwa amesimama mtu aliyewapa watu mgongo.

Tausi walivuta ile taa yote wakabaki nayo. Mtu yule hakusogea kwa muda. Kisha akaanza kutembea, akiwaacha watu, akielekea ule mlango wa mbali, na uzito wa dhahabu ukalifanya koti litulie na kupumua kwa kila hatua. Wapiga picha walianza kunong'onezana, mbona haji. Mmoja wao alipiga hata hivyo, na picha yake ndiyo iliyokuja kuzunguka baadaye mpaka Paris na Milano, picha ya mgongo, na mjomba wa Ujerumani mpaka leo bado anasubiri mtu wa dukani.

Polixeni akasimama. Hakuamua kusimama, miguu ndiyo iliyoamua, goti bovu na zima, kama inavyosimama kila Jumapili joho likielekea madhabahuni. Harikleia alipomwona akasimama naye, kwa sababu mtu wa kanisani akimwona mwenzake kasimama hasubiri kuelezwa. Safu ya nyuma yao wakasimama, kisha ya nyuma ya hiyo, viti vikakwaruza sakafu, hata vijana wenye nywele za kijani ambao pengine mara ya mwisho kuingia kanisani walibebwa. Hakuna aliyejua kwa nini. Walisimama tu.

Na hapo, akiwa wima, Polixeni akaona jambo ambalo wengine wote ghalani hawakuliona. Bega la kushoto la mtu yule lilikuwa limepanda juu kidogo. Lilipanda vile vile siku alipovunja taa ya mafuta ya Padri Anestis akiwa na miaka sita, na siku ya mtihani, na jana kwenye ngazi za mawe. Hakuwa mwanamitindo. Aliyelivaa lile koti alikuwa Mirsini, na alikuwa anaogopa.

“Geuka,” alisema Polixeni kimoyomoyo. Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi mno, kwa mgongo mwingine. “Geuka basi, mwanangu.”

Mirsini alifika mlangoni, akasimama, akageuka.

Mbele ya koti palikuwa patupu, mahameli tu, hakuna pa kupeleka macho ila juu, na huko juu ulikuwepo uso wake. Alikuwa haangalii kamera. Alipitisha jicho kwenye watu waliosimama, haraka, kama mwizi, akitafuta, mpaka akampata.

“Na iwe rohoni mwako,” aliitika Polixeni.